Kipimo cha Noreen

Agosti 1

Sikukuu ya mkate, na mvua imeunyeshea mkate. Tulikuwa saba kilimani, nyuma ya tangi la maji, tumeshikana mikono. Rosalind, Kuhani Mama wetu, alisimama katikati na joho lake la kijani, akimshukuru Mungu Mke kwa mavuno ambayo karibu hakuna kati yetu aliyeyalima. Mimi nalima. Nyanya na viazi, kishamba namba kumi na nne katika bustani za manispaa. Lakini mimi ni wa kubeba thermosi tu, sihesabiwi.

Noreen Sugden alikuwa mkono wangu wa kushoto. Mkono wake hunuka vitunguu sikukuu na siku za kazi, kwa sababu ya pai anazouza sokoni. Rosalind alipouinua mkate, Noreen akaninong'oneza.

"Shoga, huo mkate sasa unafanya nini?"

"Haufanyi kitu. Ni shukrani."

"Mkate mzima mzima? Na haufanyi kitu?"

Alisikitika kwelikweli. Halafu mimi si shoga yake.

Agosti 2

Mvua. Nimeandika barua kwa gazeti la mji kuhusu mbwa. Sitaipeleka.

Agosti 5

Nieleze jambo hili vizuri, maana jana Rosalind alinisema kwamba simpendi Noreen kwa sababu ni mtu wa sokoni. Si kweli. Simpendi kwa sababu nyingine.

Sisi ni watu wa Wika. Tunajiita wachawi, na tunalisema neno hilo bila haya, lakini kwetu ni dini: mwezi, majira, Mungu Mke na Mume wake mwenye pembe. Tuna sheria moja kubwa, usimdhuru yeyote, kisha fanya utakalo. Tunayo na nyingine, kwamba unachokituma kitakurudia mara tatu. Noreen hana dini yoyote. Ana bibi yake mzaa mama, aliyekufa zamani, ambaye alimfundisha misumari, siki, limau, uzi na majina ya watu kwenye vikaratasi. Kwake uchawi ni kama kisu cha jikoni, kama hakikati unakitupa. Friza lake la pai lina sanduku dogo la majina ya watu waliomsengenya, yamegandishwa ili midomo yao igande. Ameniambia mwenyewe, huku akicheka. Sikuuliza kama langu limo.

Aliingia kwetu mwezi wa tatu, Rosalind alipovutiwa naye sokoni. Nikampima mimi, kama ninavyowapima wote, maana mimi ndiye mtunza vipimo. Uzi mwekundu wa sufu, kutoka utosini mpaka kisiginoni, unakatwa. Kisha unazungushwa kichwani, fundo. Unazungushwa kifuani, fundo. Tone moja la damu ya kidole gumba. Uzi huo ndio wewe, unakaa kwangu, na siku ukiondoka kwenye duara, yaani kundi letu, unapewa uende nao. Zamani, wakati wa hofu, ulikuwa rehani ili mtu asiwasaliti wenzake. Siku hizi ni ishara tu, kila mtu anajua. Vyote vimo katika kopo la biskuti, kabatini.

Noreen alipoona nafunga mfuniko alinishika mkono. "Utaniangalia vizuri humo?" Watu wazima tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajisemea, atazoea.

Agosti 10

Siku ya soko. Kuna mama muuza soksi anayefuatwafuatwa na mume waliyeachana, anamsubiri nje ya nyumba, anampigia simu usiku kucha. Noreen alituletea shauri hilo kwenye kikao, akitaka tumfunge yule mwanamume kwa uchawi. Clive, Kuhani Mume wetu, daktari wa meno mstaafu, alifumba macho na kusema kufunga ni kudhuru. Tumtumie nuru.

"Nuru?" Noreen akauliza. "Umeme anao, Clive. Anamwangazia mwenzie tochi dirishani."

Watu walicheka. Rosalind naye alicheka, nikamwona. Sheria ilisomwa na mimi, neno kwa neno, mpaka kicheko kikaisha.

Agosti 13

Noreen amemfunga peke yake. Limau, misumari tisa, jina ndani. Anasema wazi kabisa, huku anawafungia watu pai. Na yule mwanamume amevunjika mguu kwenye ngazi za stesheni. Sokoni wanamwita Noreen malkia.

Nimempigia Clive simu.

Agosti 15

Upepo mkali tangu alfajiri. Nyanya zangu zimelala chini, fito zimechomoka. Kamba ya bustani ilikuwa imekwisha na duka limefungwa. Nikarudi nyumbani, nikafungua kopo la biskuti, nikachukua uzi uliokuwa juu kabisa. Ulikuwa wa Noreen. Ni mnene, unashika vizuri. Nimefunga nao mashina manne. Uzi ni uzi. Nikinunua kamba nitaurudisha na hakuna atakayejua.

Agosti 16

Nimesahau kununua kamba.

Agosti 20

Kikao cha Noreen, sebuleni kwa Rosalind. Clive alizungumza dakika arobaini juu ya maadili. Alimtaka aombe radhi kwa duara na kwa yule mwenye mguu, au aondoke.

"Nimwombe radhi yule?" Noreen akasema. "Mama wa soksi amelala usingizi wiki nzima, mara ya kwanza tangu Krismasi. Nyie mmemfanyia nini? Mmefumba macho."

Nikasema, kwa upole kabisa, kwamba tofauti yetu na yake ni kwamba sisi tunajua mipaka. Akanigeukia.

"Hilary, umekaa miaka thelathini na moja kwenye kaunta ya posta ukiwaambia watu foleni imefungwa. Ndiyo dini yako hiyo. Wika ni koti tu umelivaa juu."

 Mtu akakohoa ili asicheke. Sitakisahau kile kikohozi mpaka nife.

Akasimama, akavaa koti. "Naomba kipimo changu, niende."

Nikamwambia utaratibu unataka kikao kingine. Hakuna utaratibu wa namna hiyo. Nimeutunga pale pale, na Clive akatikisa kichwa kukubali, maana Clive hukubali utaratibu wowote.

Agosti 22

Ukungu umeingia kwenye nyanya za bustani zote. Majani meusi, matunda yanaoza mtini. Kamati imeamuru zing'olewe na kuchomwa leo leo, kabla haujahamia kwenye viazi vya watu. Nikang'oa, nikarundika, nikawasha.

Niliuona uzi. Nataka kuandika ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Niliuona, mwekundu bado, umezunguka mashina manne, na mkasi ulikuwa mfukoni. Mawingu yalikuwa yanashuka na nilikuwa nimelowa. Nikakumbuka kile kikohozi. Nikauacha. Ulichukua muda kushika moto kwa sababu ya maji, halafu ukashika.

Agosti 27

Leo Noreen alikuja mlangoni na pai ya nyama na viazi, bado ya moto. Nilimkaribisha jikoni kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimepatikana na uvimbe. Hapa." Akashika titi la kushoto kama anavyoshika mfuko wa unga. "Wanasema ni mdogo, wameuwahi. Wananikata tarehe nne Septemba."

Nikasema pole.

"Kwa hiyo nataka kipimo changu. Siwezi kulala kisuni na kipimo changu kiko kwa mtu, Hilary. Mtu akilazwa usingizi ule wa dawa anatoka, anazurura, anatafuta pa kurudia. Bibi yangu alinifunza hivyo. Nikirudia kwenye kopo lako je?"

"Noreen. Ni uzi."

"Basi kama ni uzi, nipe."

Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Lakini alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mgongo wima, mtu aliyeniita foleni iliyofungwa, na sasa ndiye yuko kwenye foleni. Nikakumbuka raha ya kaunta. Nikasema, "Suala liko kwa Clive."

"Clive ananiambia liko kwako."

"Basi liko kwenye utaratibu."

Hakupiga kelele. Aliniachia pai. Nimeila yote, na ilikuwa tamu, na hilo pia limeniudhi.

Agosti 28

Mvua.

Septemba 4

Hakwenda. Nimeliona gari la binti yake limesimama mlangoni kwake tangu asubuhi.

Septemba 5

Binti, Kerry, amekuja. Anafanya kazi kwenye saluni, kucha ndefu za buluu, macho yamevimba.

"Bi Hilary, tafadhali. Mimi siamini haya mambo, namwonea aibu mama hata kusema. Lakini hataki kwenda. Ameketi na begi lake la hospitali mapajani, anasema mpaka uzi urudi. Nipe tu, nimpelekee."

"Mwambie mama yako ni ishara tu. Hata sisi tunaoutunza tunajua ni ishara."

"Nimwambie mimi? Mwambie wewe! Wewe ndiye uliyemkata kidole!"

Nikamwambia asinipandishie sauti nyumbani kwangu. Akanyamaza mara moja, kama mtoto wa shule. Akaomba samahani. Aliniomba samahani mimi, na mimi nikaipokea.

Septemba 8

Rosalind amenipigia. Mambo mawili. La kwanza, nimpe Noreen uzi wake, haya ni mambo ya aibu. Nikasema bila shaka. La pili, miguu yake imechoka, na kwenye sikukuu ya wafu ataachia ukuhani, na anafikiri nani mwingine kama si mimi. "Wewe ndiye unayetunza vitu vyetu, Hilary. Wewe ndiye mwaminifu."

Nimeingojea sentensi hiyo miaka kumi na tisa. Nimelia, peke yangu, na kikombe mkononi. Na papo hapo nikaona kwamba sasa siwezi tena kumwambia mtu yeyote kwamba mtunza vipimo ameteketeza kipimo.

Septemba 15

Nimewaambia Rosalind na Clive kwamba Noreen hajaja kuuchukua. Njia ya mwongo ni fupi, lakini bado sijafika mwisho wake.

Septemba 22

Sikukuu ya mchana na usiku sawasawa. Tufaha, divai, wimbo. Sikusikia neno.

Septemba 25

Wamempa tarehe nyingine, leo. Hakwenda tena. Nilimwona sokoni, bado anauza pai, bega la kushoto ameliinamisha kidogo. Foleni yake ilifika mpaka kwa muuza jibini. Alinipungia mkono, si kwa kejeli, alinipungia tu. Nilijifanya naangalia vitunguu.

Na jioni nikajiambia: huyu ni mtu mzima. Kama anachagua ushirikina badala ya daktari, kosa ni la nani? Sisi Wika tunakwenda hospitali. Tunaheshimu elimu. Nimeyaandika haya mara mbili kwenye karatasi nyingine, na mara zote mbili yanasomeka vizuri.

Septemba 29

Nimetengeneza mwingine.

Nilinunua sufu nyekundu ya aina ile ile. Sikukumbuka urefu wake. Nani hukumbuka? Basi nikajipima mwenyewe, utosini mpaka kisiginoni, nikiwa nimesimama mlangoni na kitabu kichwani kama mtoto. Nikazungusha kichwa changu, fundo. Kifua changu, fundo. Bila damu haukuonekana wa kweli, nikajichoma kidole gumba kwa sindano. Nikauchafua kidogo kwa majani ya chai uonekane wa miezi. Nikautia kwenye bahasha, nikaupeleka mwenyewe.

Kerry alifungua mlango, funguo za gari mkononi. Noreen alikuwa nyuma yake, kwenye korido. Alifungua bahasha. Aliuvuta uzi polepole kati ya vidole, fundo la kwanza, fundo la pili, mpaka mwisho. Akanitazama.

"Ndio wenyewe," akamwambia binti yake. "Haya, tupige simu hospitali."

Kerry akanikumbatia. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu, mwepesi. 

Septemba 30

Jua! Nimelala saa tisa mfululizo. Nimekausha mashuka nje.

Oktoba 3

Leo nikimenya viazi nimekumbuka kitu, nikaacha kisu. Ule uzi ni urefu wangu, kichwa changu, kifua changu, damu yangu. Nimejipima kwa mkono wangu, nikajitia bahasha, nikajipeleka mlangoni kwa mtu mwenye friza, siki na misumari tisa.

Ni ishara tu.

Oktoba 4

Ni ishara tu. Sikulala.

Oktoba 7

Maumivu ya goti. Nilikuwa nayo hata zamani.

Oktoba 12

Kerry kwenye kituo cha basi. Walimpiga mama yake picha upya kabla ya kumkata, na hawatamkata. Uvimbe umehamia kwapani, na ini lina madoa. Ulikuwa mdogo mwezi wa nane, sasa wanazungumzia kumpunguzia maumivu. Kerry alisema haya akiangalia ratiba ya mabasi. Nikasema labda ulikuwa umeshahamia tangu mwanzo, madaktari nao hukosea. Akasema, "Labda." Kisha akasema, "Usinisemeshe tena, Bi Hilary," na basi likaja.

Labda ulikuwa umeshahamia. Inawezekana kabisa.

Oktoba 20

Nimekwenda. Ninaandika wazi nilichoendea: sikwenda kumtazama mgonjwa. Nilikwenda kuchukua uzi wangu.

Wamemtandikia kitanda sebuleni. Amekonda haraka, ngozi ina manjano, lakini nywele amezichana. Kerry alinifungulia mlango bila neno, akaingia jikoni na kufungua redio.

"Karibu, shoga," Noreen akasema. "Keti. Usisimame kama mtu wa bima."

Nikaketi. Nikaanza habari za mvua. Akanikatiza.

"Ulikwenda wapi? Wangu?"

Nikamwambia. Nyanya, upepo, ukungu, moto. Nilisema hata mkasi ulikuwa mfukoni. Nilipofika kwenye neno moto alifumba macho.

"Uliujua siku ile," nikasema. "Ulijua si wako."

"Bibi wee. Mimi ni mfupi nimejaa. Aliyepimwa pale ni mrefu na kifua kama ubao wa kupigia pasi." Akacheka, kicheko kikamuuma, akaushika ubavu mpaka kikapita. "Nilijua kabla sijafika fundo la pili."

"Kwa nini hukusema?"

"Kerry alikuwa na funguo mkononi. Amelia mwezi mzima, mtoto wangu. Nikasema basi, nakwenda bila chochote, nikipotea nimepotea. Nilikuwa naogopa, Hilary. Hujui nilivyokuwa naogopa kwenye lile gari."

 Niliuliza nilichoendea kuuliza, na namwona hata sasa anavyoniangalia nikiuliza. "Umenifanya nini? Umekuwa nao wiki tatu."

"Wewe?"

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ile bahasha, bado na mwandiko wangu. Akaniwekea mapajani.

"Kerry alitaka tuutie kwenye siki. Siku ile ya majibu alikuwa ameshafungua chupa. Nikamwambia mwache. Yule mama hana hata mtu wa kumwekea maji ya chai. Tumfanye nini zaidi?"

Redio jikoni ilikuwa inatangaza hali ya barabara.

"Nenda kawaambie wenzako," akasema. "Ulichofanya, chote, kwa mdomo wako. Sitaki kingine kwako. Nataka wajue nilikuwa natishwa na kitu cha kweli, si kwamba nilikuwa mjinga."

Nikaahidi. Akageukia ukutani. Kerry hakunisindikiza.

Oktoba 21 hadi 29

Mvua kila siku. Nimekataa kupokea simu.

Oktoba 31

Sikukuu ya wafu tumeifanyia kwa Rosalind saa nane mchana, kwa sababu ukumbi umekodishwa kwa watoto wa sherehe ya maboga, na Clive haendeshi gari gizani tena. Mapazia yalifungwa, mishumaa ikawashwa. Tukaita majina ya wafu wetu. Kisha Rosalind akasema wakati umefika, na akanitaja.

Nikasema kabla ya kura nina neno. Nilisimama katikati ya duara, nikasema yote. Sikujipunguzia. Nilisema nyanya. Nilisema moto na mkasi. Nilisema utaratibu niliutunga, pai nilikula, binti alilia mlangoni nikamfukuza kwa adabu. Nilisema tarehe nne na tarehe ishirini na tano. Nilisema nilitengeneza wa uongo ili mnichague leo.  Nilikuwa tayari. Nilitaka, nasema kweli, nilitaka mtu mmoja tu anitemee mate.

 Rosalind akaja, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Hilary mpenzi. Umebeba mzigo huu peke yako muda wote huu?"

"Mmesikia nilichosema?"

"Tumesikia. Na umekuwa jasiri mno."

"Jamani, ni uzi," Clive akasema, akitabasamu kwa huruma. "Ni ishara. Wewe umechoma sufu, basi. Mwenzetu alichagua mwenyewe kuichukulia vile, na hilo ni funzo kubwa kwa nini tunatofautisha dini na ushirikina. Usijidhuru, dada. Na wewe umo kwenye sheria. Usimdhuru yeyote, hata nafsi yako."

Wakanikumbatia, mmoja baada ya mwingine. Mtu alinipa kitambaa. Kisha kura ikapigwa, mikono yote mitano ikapanda juu pamoja, hata mkono wa yule aliyekohoa. Rosalind akavua mkufu wake wa kaharabu, ule wa ukuhani, akanivisha, na ulikuwa na joto la shingo yake.

Tukafungua mapazia. Kulikuwa na chai na keki ya tangawizi, na Clive alitaka kujua kama ina asali au molasi. Tulikaa mpaka saa kumi na moja. Hakuna aliyeuliza Noreen anaendeleaje.